Mayai Yaliyozidi kwa Opereta

Kila asubuhi, kabla hajasema neno na mtu yeyote, Opereta huingia bandani akiwa ameinama, huokota yai la kwanza ambalo bado lina joto la kuku, kisha husimama palepale kwenye maranda na kuliegesha juu ya jicho lake la kushoto. Jicho hulifumba. Hutulia hivyo huku kuku wakimzunguka miguuni na kumdonoa kandambili. Yai likianza kupoa, hulihamishia kwenye jicho la kulia. Akimaliza hulitia mfukoni mwa aproni, hukohoa kidogo, na hapo ndipo siku inapopata ruhusa ya kuanza.

Wifi yake aliliona jambo hilo asubuhi ya kwanza aliyoamka katika nyumba ile, kupitia dirisha la chumba cha wageni. Akadhani ni dawa. Kesho yake akadhani ni sala. Hakuuliza. Wifi hakuwa mtu wa maswali. Tangu utotoni aliona swali ni kama kugonga mlango wa watu wakati wa chakula. Alisimama nyuma ya pazia na gauni lake la kulalia, akamtazama mwanamke yule mrefu, mwenye mvi, akiwa na yai jichoni kama mtu anayechungulia upande wa pili wa dunia, na akajikuta anapumua taratibu ili asimshtue.

Jina la Opereta lilikuwa la kazi. Kwa miaka mingi alikaa mbele ya ubao wa simu uliojaa vitundu na vitaa, vipokea sauti vimembana masikio, akichomeka waya hapa na kuuchomoa pale. Aliunganisha wachumba waliogombana, wafanyabiashara wenye haraka, madaktari, na watu waliopiga simu kupeleka habari za msiba halafu sauti zikawakauka. Vitaa vile vilimla macho polepole, kama nondo anavyokula sufu. Ilipoletwa mitambo mipya isiyohitaji mtu, ubao ule ulitolewa mlangoni kwa mkokoteni, naye akarudi nyumbani na vitu viwili: macho yanayowasha na jina. Maneno alikuwa ameyaacha kulekule. "Nimeongea ya watu," alisema mara moja alipoulizwa mbona kimya, "mpaka yangu yamekwisha."

Kuku walikuwa wa mumewe, kaka yake Wifi. Ndiye aliyepigilia banda kwa mbao za makreti na wavu wa zamani, akaleta mitetea wachache na jogoo mmoja mwenye kiburi, ili nyumba isikose yai la asubuhi. Kisha yeye akafariki. Binti yao akaolewa mbali. Kuku wao wakaendelea kutaga kama kawaida, kana kwamba hakuna aliyewapa taarifa. Mayai yakazidi vinywa. Opereta akaanza kuyagawa kwa majirani, na majirani wakashukuru, wakashukuru tena, hatimaye wakaanza kupita njia ya nyuma. Maana mtu akipewa yai leo, na kesho, na keshokutwa, shukrani humwishia akabaki na aibu. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara ndiye aliyewaokoa wote. Siku moja alipokea yai dirishani, akaacha sarafu kwenye kizingiti, akaondoka mbio kama mwizi. Kuanzia hapo dirisha la jikoni likawa duka. Halikuwa na kibao wala saa za kufungua. Unagonga, unasubiri, mkono unatoka na yai.

"Opereta, niunganishe na mtetea mwekundu leo," watu walimtania.

"Laini yake ina mtu," alijibu, na huo ndio utani wake wote kwa siku.

Wifi yeye alikuwa amekuja kwa wiki moja. Nyumba alimopanga chumba tangu ujana wake iliuzwa, mwenye nyumba mpya akataka kuivunja, na katika kuhangaika akamwandikia mjane wa kaka yake kwamba angepita kumsalimu kwa wiki moja hivi. Wiki ikapita. Ikapita nyingine, na nyingine, mpaka miezi ikaanza kupangana nyuma yake kimya kimya. Sanduku lake lilikuwa bado chini ya kitanda, limefungwa. Kila asubuhi alilivuta, akatoa gauni, akalifunga. Jioni akalikunja gauni, akalirudisha, akalifunga. Kabati la chumba kile lilikuwa tupu, limejaa harufu ya sabuni ya zamani, naye hakuwahi kutundika ndani yake hata leso.

Alitaka kubaki. Hicho tu. Alitaka kuambiwa na Opereta kwamba abaki. Lakini undugu wao ulipita kwa kaka yake, na kaka yake hakuwapo tena. Ilikuwa kama daraja lililobomoka katikati, yeye na Opereta wamesimama ng'ambo na ng'ambo, wanapungiana mikono. Usiku kabla ya usingizi alijiwazia: wifi wa marehemu ni wifi wa nani? Na kwa kuwa hakupata jibu, alijitahidi asionekane sana. Alitembea pembeni ya vyumba. Alikunywa chai bila kugonganisha kijiko.

Majirani waliona ni ajabu. "Wifi na wifi chini ya bati moja," alisema Mama Keki, aliyeoka keki za watu wenye sherehe, akiwa ameegemea kizingiti cha dirisha, "na hatujasikia hata sahani ikivunjika. Mnagombana kwa ishara, au?"

"Tunagombana ukiondoka," alisema Opereta.

Mama Keki akacheka, akapokea mayai yake, akayatazama. "Lakini siku hizi yamepungua, shoga yangu. Ziada imepata mdomo."

Alisema kwa utani tu, kama anavyosema mambo yote. Wifi alikuwa nyuma ya mlango wa jikoni ameshika ufagio, na neno lile likamwingia kama mwiba wa samaki: dogo, halionekani, halitoki. Kesho yake Opereta alipomwekea yai la kuchemsha mbele yake kama kawaida, alilisogeza pembeni. "Leo tumbo halitaki yai, wifi." Opereta alimtazama kidogo kwa yale macho yake mekundu, akalichukua yai, akalirudisha bakulini bila neno. Wifi akaona: basi ni kweli, nilikuwa nakula ziada ya watu. Tangu siku hiyo tumbo lake halikutaka yai tena, na alipokunywa chai kavu alihisi amelipia kiti alichokalia.

Bado alitafuta namna ya kufaa. Alifagia ua kabla jua halijafika ukutani. Alishona mapazia. Alipaka mafuta bawaba za milango, na nyumba ikazidi kuwa kimya. Kwenye banda hakugusa sana, maana kuku aliwaogopa kidogo. Alikuwa mtu wa karatasi. Maisha yake yote ya kazi yalipita katika kiwanda cha uchapaji, kwenye meza iliyo chini ya dirisha, akisafisha kurasa kabla hazijaenda mashineni. Wahariri na mafundi waliziachia kurasa hizo alama za penseli na za vidole. Kazi yake ilikuwa kuzifuta kwa ufutio laini na pamba, taratibu, mpaka ukurasa uwe kama haukuwahi kuguswa na mtu. Alama moja ikisahaulika, inatoka kwenye nakala elfu. Kwa hiyo vidole vyake vilijifunza kutovumilia doa, na mpaka leo hakuweza kukaa mezani penye chembe ya majivu bila mkono kwenda wenyewe.

Siku ya mambo yote, Opereta alikwenda kwenye mashine ya kusaga kununua pumba. Alijitanda shuka, akachukua gunia tupu, akasema, "Narudi mchana." Baada ya kupiga hatua chache aligeuka. "Mtu akigonga, mpe."

Mpe! Wifi alibaki amesimama uani na neno hilo mkononi kama zawadi. Alikuwa hajawahi kuachiwa dirisha.

Akaamua mayai ya siku hiyo yatoke yakiwa mazuri kuliko siku zote. Bandani, viota vilikuwa vitatu, vimepangwa ndani ya kreti kuukuu. Kwenye viwili akakuta mayai machache, safi. Cha tatu, kile cha pembeni gizani, kilikuwa cha Mama Mkwe. Hivyo ndivyo Opereta alivyomwita yule mtetea mkubwa wa kijivu, kwa sababu alikaa muda wote pale pembeni akikutazama, na ukimsogelea anavimba. Wifi alimwona ni kuku mvivu. Asubuhi ile, kwa bahati, Mama Mkwe alikuwa ametoka. Alikuwa kule chini ya ukuta akijigaragaza vumbini, mabawa wazi, macho nusu, kama bibi aliye mapumzikoni. Na pale alipokuwa amelala palikuwa na mayai mengi ajabu, yamelundikana, ya vuguvugu.

Yalikuwa machafu. Karibu yote yalikuwa na weusi: mstari wa mkaa uliozunguka ganda, mnene upande mmoja, uliofifia upande mwingine. Wifi alilikunjia uso lile lundo. Haya ndiyo aliyoyasemea Mama Keki, aliwaza. Hayajapungua, yamejificha kwa mvivu huyu, tena yamechafuka masizi. Akayapakia yote kwenye beseni, akapasha maji kidogo, akachukua kitambaa laini na kukaa kivulini.

Ilikuwa saa tamu kuliko zote alizopata tangu aje. Alilizungusha yai mkononi, akalifuta, na ule mstari mweusi ukayeyuka ukawa moshi ndani ya maji, ukapotea. Lingine. Lingine. Jua lilipenya kwenye wavu wa banda likachora vyumba vidogo vidogo juu ya mikono yake, na akaona kama yuko tena kwenye meza yake ya dirishani, mashine zikinguruma mbali, ulimwengu ukingoja amalize. Aliyachanganya na yale mengine, akayapanga kwenye bakuli kubwa la udongo. Hakuna ambaye angejua lipi lilikuwa na doa na lipi halikuwa nalo.

Watu wakaja. Wa kwanza alikuwa kinyozi, aliyesema, "Leo mayai yameoga, kuna harusi?" Akachukua ya nyumba nzima. Baadaye akaja Mama Keki, akashika kifua. "Yametoka wapi haya yote? Wifi, wewe ukae hapahapa dirishani, huyo mwingine mpeleke kwa pumba." Wifi alicheka. Alikuwa hajasikia kicheko chake siku nyingi, akageuka kutazama ni nani.

Mama Mkwe aliporudi kiotani, alianza kulia.

Haikuwa ile sauti ya kuku aliyetaga. Ilikuwa sauti nzito, ya chini, isiyokatika, kama mlango unaosukumwa na upepo kwenye nyumba isiyo na watu. Aliingia kiotani, akatoka, akaingia. Wifi alimtupia punje za mahindi, hakuzitazama. Jua lilikuwa limepita kichwani Opereta alipotokea na gunia la pumba mgongoni. Alilitua gunia, akainama hadi kiotani, akaingiza mkono chini ya yule kuku, akautoa mtupu.

"Nimeyaosha," alisema Wifi kutoka mlangoni. "Yalikuwa na masizi."

Opereta aliutazama mkono wake. "Hayo ndiyo ya kutotoa," akasema. "Anaatamia. Wenzake huja kutaga humohumo, basi yake nayawekea mkaa ili nisiyachukue kwa bahati mbaya."

Wifi alihisi ua ule umesogea mbali, ukawa mdogo. Alama moja tu ilikuwa na maana katika maisha yake yote, na hiyo ndiyo aliyoifuta.

"Yana uhai bado," Opereta alisema, akipangusa magoti. "Joto hili litayashika kidogo. Tukiwahi."

Kwanza walijifungia stoo, pamoja na mayai yaliyobaki bakulini. Opereta aliwasha tochi, akafunika kioo chake kwa kiganja mpaka mwanga ukabaki tundu tu, akaliweka yai juu yake. Likawaka rangi ya chungwa, angavu ndani, tupu. "Hili ni la kula," akasema, akaliweka kushoto. Alipoweka lingine, Wifi alikamata ukingo wa meza. Ndani yake palikuwa pamekucha. Mishipa myekundu, myembamba kuliko nywele, ilikuwa imetapakaa kama mito inayoonekana kutoka juu sana, yote ikitoka kwenye donge moja. Na ndani ya donge palikuwa na nukta nyeusi. Nukta ikaruka. Ikatulia. Ikaruka tena.

"Jicho," alisema Opereta.

Walipofika kwa kinyozi, mteja alikuwa kitini, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado. Opereta alieleza kwa maneno machache kuliko vidole vya mkono mmoja. Kinyozi alileta mayai yake, yalikuwa kwenye rafu, katikati ya chupa za spiriti na brashi.

"Basi chukueni yote niwaletee mengine kesho, au nyie ndio mtaniletea? Nimechanganyikiwa."

"Tunachagua," alisema Opereta. "Nipe giza."

Giza halikuwapo, duka lile lilikuwa vioo vitupu. Kinyozi akavua lile shuka jeupe shingoni mwa mteja, akawarushia. Wakaingia chini yake wote wawili, Opereta na Wifi, vichwa vimegusana, tochi katikati, kama wapiga picha wa zamani. Chini ya shuka palikuwa na harufu ya poda na nywele. Mwanga wa jua ulipita kwenye kitambaa ukawa kama maziwa. Sauti za barabarani zikaja kutoka mbali, baiskeli, mtu anayeita mtu, na kinyozi akisema nje, "Wamo humo. Sijui wanasoma nyota."

"Mimi nasubiri nini sasa?" mteja aliuliza. "Nina miadi."

"Na kichwa hicho? Kaa tu."

Walipopata la kwanza, Opereta alimwita kinyozi aingie. Naye akaingia. Halafu akatoka, akasema, "Ingia na wewe," na mteja mwenye nusu ya nywele akainuka, akainama, akaingia chini ya shuka lake mwenyewe. Alipotoka alikaa kitini polepole. "Linanitazama," alisema. Hakuna aliyeongelea miadi tena.

Wakaondoka na mayai ya uhai kwenye kapu, yamefungwa katika kipande cha blanketi. Wifi ndiye aliyelibeba, amelikumbatia tumboni kwa mikono yote miwili. Barabara ilikuwa imelegea kwa joto. Vivuli vya nguzo vililala juu ya lami kama nguo zilizoanguka kutoka kwenye kamba. Alihisi kila hatua anabeba macho, yanaruka na kutulia gizani, hayamjui ni nani, na kwa dakika chache zile alitamani njia isiishe.

Mama Keki aliwafungulia mlango na mikono yenye unga, na usoni hakuwa na utani. "Nilikuwa nakuja kwako," alisema. Mezani palikuwa na kikombe kimefunikwa na kisosi.

Mama Keki hupasua kila yai kwenye kikombe kwanza kabla ya kulimimina kwenye unga. "Mayai ya sokoni nayafanyia hivyo kwa kutoyaamini," alisema taratibu. "Yako nafanya kwa mazoea tu. Hili lilikuwa na kifaranga. Nimemfunika, Opereta. Sikujua nimweke wapi."

Opereta aliinua kisosi, akatazama, akakirudisha. Hakuharakisha. Wifi alisimama karibu na mlango na kapu lake.

"Nani ameyatoa haya?" aliuliza Mama Keki, na macho yake yakaanza safari kuelekea mlangoni.

"Yametoka dirishani kwangu," alisema Opereta.

Tu. Dirishani kwangu. Wifi alilisikia na kulizungusha kichwani njia nzima ya kurudi, kapu likiwa limeongezewa mengine mawili yaliyopona. Alijua lilikuwa jambo la ungwana. Lakini pia alisikia humo ndani yake lile "kwangu", nyumba yenye mtu mmoja tu, dirisha la mtu mmoja. Hata kosa lake mwenyewe halikuwa na mahali pa kukaa mle.

Jioni waliyarudisha mayai chini ya Mama Mkwe, baada ya kuyazungushia mkaa upya. Kuku alivimba, akadonoa, kisha akayasogeza kwa mdomo, moja baada ya jingine, mpaka yakakaa alivyotaka, akashuka juu yake kama pazia. Kilio kikakoma. Opereta alikichukua kile kikombe cha Mama Keki, akachimba kishimo karibu na ukuta, akakifukia kilichomo, akakisuuza kikombe. Kisha akaenda kuandaa chakula.

Wifi alikaa kitandani, sanduku chini ya miguu yake. Hapo akafanya mapatano na nafsi yake. Vifaranga wakitoka, atabaki, na hatauliza mtu. Wasipotoka, ataondoka alfajiri, kabla ya yai la kwanza, ataacha kitanda kimetandikwa. Ilimpa amani ya ajabu, kama mtu aliyemwachia mwingine usukani. Hakuwa na haja ya kugonga mlango wowote. Kuku angejibu.

Siku zilizofuata zilipita kama ndani ya maji. Alimpelekea Mama Mkwe punje kwa mkono, na kuku alizoea, akaacha kuvimba. Aliota ndoto za kurasa zenye mishipa. Mchana, kwenye joto, aliketi karibu na kiota na ushonaji wake, akisikiliza kama mtu anayesubiri simu kutoka mbali, na wakati mwingine Opereta alikuja akaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, akimenya kitu, na wakakaa hivyo mpaka kivuli kikawahama. Dirishani watu waligonga. Mara nyingine Opereta alisema tu, "Wifi, mtu," bila kuinuka, naye akaenda.

"Mgonjwa hajambo?" kinyozi aliuliza kila siku.

"Amelala," alijibu Wifi.

"Yule mteja wangu naye ananiuliza. Amekuja kunyolewa tena na nywele hazijaota."

Asubuhi waliyoingojea, Wifi aliamshwa na sauti aliyodhani ni ya ndotoni, kama kucha ikikwaruza sahani. Alikwenda bandani na kanga begani. Opereta alikuwa tayari amepiga magoti, kiganja chake kimefunikwa na mvuke wa pumzi za kuku. Chini ya bawa la kijivu kichwa kimoja kilichungulia, kimelowa, kibaya, kimeduwaa. Kisha kingine. Yai moja lilikuwa na ufa wa nyota, na kwenye ufa mdomo mdogo ulikuwa ukipiga hodi. Wifi akakaa chini kwenye maranda palepale na gauni lake.

Walisubiri mpaka jua likafika ukutani, na baada ya hapo hapakusikika ukwaruzo tena. Vifaranga waliotoka walikuwa wamekauka, wakawa pamba. Mama Mkwe aliinuka nusu, na pale chini mayai mengine yalikuwa bado yamelala, mazima, mistari ya mkaa imezunguka sawasawa.

Opereta aliyachukua, akayaweka sikioni, moja baada ya jingine, kichwa kimeinama, kama alivyokaa miaka ile mbele ya ubao. "Hili halina mtu," alisema. Akaliweka chini. "Na hili halina." Alipomaliza, yalikuwa karibu nusu.

Wifi aliwatazama vifaranga, akayatazama mayai. Hakujua alipewa jibu gani. Alikuwa amepatana kwa ndiyo au kwa hapana. Hakuwa amewaza kwamba kuku angesema yote mawili kwa pamoja, kisha ajilaze. Alijaribu kuhesabu upande upi umezidi, akaona aibu. Kifaranga mmoja alijikwaa kwenye ncha ya kidole chake, akaanguka, akaamka, akaendelea na safari kana kwamba kidole kile kilikuwa hapo siku zote.

"Wifi," akasema, akimwita Opereta.

"Abee."

"Nilikuja kwa wiki moja."

"Nakumbuka."

"Mayai haya yangekuwa mazima yote. Nisingeyagusa."

"Baadhi yangekufa tu. Hufa." Opereta alipangusa mikono kwenye aproni. "Una nini?"

Wifi alivuta pumzi. Sauti yake, ilipotoka, ilikuwa ndogo kuliko alivyotegemea, lakini ilifika.

"Mimi nitakaa hapa mpaka lini?"

Opereta alimgeukia. Alimtazama kwa muda kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda mahali aliposimama.

"Kwani?" akasema. "Mimi nilijua umeshahamia."